Ndimu Kutoka Mfuko wa Aproni

Mama mmoja ameniandikia kupitia kwa mhariri. Anasema mimi si mwanamume, ni tumbo lenye miguu. Mama, sikatai. Ila subiri uisikie ya leo kabla hujaongeza tusi lingine, maana hilo moja halitatosha.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili kwenye foleni ya kinyozi na hujui tulikotoka, habari yangu ni fupi. Mimi ni fundi wa friji. Mke wangu ana mgahawa wa meza nane mtaani kwetu, na watu wanamwita Mama Kipimo, kwa sababu uwe bosi au uwe mbeba mizigo, upawa wake ni ule ule, haupungui wala hauongezeki. Chakula chake kitamu, hilo halina ubishi. Na mimi, mume wake wa miaka kumi na moja, kwa miezi minne sasa nimekuwa natoka nje ya ndoa.

Kwenda kula.

Nasema kula kwenyewe. Bakuli, kijiko, kiti. Hakuna mwanamke katika habari hii zaidi ya mke wangu, na hilo ndilo linaloifanya iwe mbaya zaidi.

Ninapokula panaitwa Msumenoni, kwa vile pamepakana ukuta na karakana ya seremala. Walinipigia simu nikatengeneze friji yao. Nikatengeneza. Mhudumu wa pale, dada mmoja ambaye sote tunamwita Sauti kwa jinsi anavyoshindana kutwa nzima na msumeno wa umeme, akanivutia kiti, akapangusa mbele yangu, akaniinamia sikioni.

"Baba, utakula nini?"

Jamani. Nilikaribia kulia.

Mnicheke tu, lakini mjue kwanza ninavyokula kwangu. Mume wa mwenye mgahawa hana kiti. Viti ni vya wateja. Mimi nakula jikoni, nimesimama kando ya beseni la vyombo, na sahani yangu mara nyingi ni mfuniko wa sufuria. Nikiuliza leo kuna nini, najibiwa, "Kula hicho." Miaka kumi na moja ya kula hicho.

Basi nikaanza kurudi Msumenoni. Friji yao, kwa maelezo niliyompa mke wangu, imeharibika mara kumi na nne tangu mwaka uanze.

"Hiyo friji si wanunue nyingine?" aliniuliza siku moja.

"Nimewashauri," nikamjibu. "Wanaipenda."

Kinachonitisha ni kiapo. Miaka mitatu iliyopita, mgahawa umefurika, mke wangu aliinua upawa juu akatangaza mbele ya watu: "Siku mtu wa nyumba hii akila kwa jirani, nalifunga jiko hili, na halifunguliwi tena!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua. Mwoka mikate wa mtaani aliwahi kumwuzia mkate wa jana, akaapa hatamsemesha tena. Huu ni mwaka wa tisa. Wanapishana kwenye ngazi moja kila asubuhi na hakuna anayekohoa.

Mgahawa ule ndio maisha yake. Kaujenga kutoka meza moja na viti viwili visivyofanana. Ukifungwa kwa sababu ya bakuli langu la supu, sijui nitaishi vipi na uso huu.

Wiki iliyopita niliishia siku ya Ijumaa. Mvua inanyesha, wateja ni watatu tu, na mke wangu akanitamkia maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake: "Leo kaa. Kiti kipo."

Nikakaa. Na kukaa ndiko kulikoniponza.

Lazima niwaeleze desturi ya Msumenoni, la sivyo hamtanielewa. Pale meza ni ubao mmoja mrefu unaofuata ukuta kutoka dirishani mpaka kaunta. Seremala jirani ndiye aliyeutengeneza. Kwa kelele za msumeno, ukimwita mtu hakusikii. Kwa hiyo ukitaka kuongezewa supu unageuza kijiko, unagonga ubao mara mbili kwa mpini, ko-ko, halafu unasukuma bakuli lako upande wa kushoto. Sauti kule kaunta ameegemeza kiganja kwenye ubao. Anausikia mshindo kwa mkono, anaangalia bakuli la nani limehamia kushoto, anakuja, anamimina, anaweka nusu ndimu pembeni, anaondoka. Neno halitoki.

Ijumaa ile, kwenye kiti cha mke wangu, mvua inapiga bati, supu ya moto, mgongo umeegemea, miguu imenyooka, nilijisahau. Nilikuwa mteja. Nikageuza kijiko.

Ko-ko.

Nikasukuma bakuli kushoto.

Mke wangu alikuwa anapita na sufuria, anamsimulia Mwalimu habari za bomba lililopasuka. Huyu Mwalimu ni mstaafu, mteja wetu tangu siku ya kwanza, na katika vile viti viwili visivyofanana, kimoja alikileta yeye. Mke wangu hakukatiza hata hadithi yake. Akanimiminia upawa mmoja, akatia mkono mfukoni mwa aproni, akaniwekea nusu ndimu kando ya bakuli, akaendelea na bomba.

Hatua mbili. Akasimama.

Nikakitazama kijiko changu, mpini chini, ushahidi mkononi mchana kweupe. Nikajua nimekwisha.

"Supu imekolea?" akaniuliza bila kugeuka.

"Imekolea sana."

"Haya."

Akaingia jikoni akafunga mlango. Mlango ule haujafungwa tangu tuupake rangi.

Jumamosi na Jumapili nilijikaza kisabuni. Tulisemeshana kwa adabu ya wageni. "Naomba chumvi." "Chumvi hiyo hapo." "Ahsante." "Karibu." Tangu lini mke na mume wakaambiana karibu juu ya chumvi?

Nikapanga kukiri. Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye bucha la mwuza nyama wa njia panda, nimelala chali nyuma ya friji lake kubwa, tochi nimeiuma kwa meno, najifunza maneno yangu. Mke wangu, nilikwenda kutengeneza. Mke wangu, walinikaribisha. Mke wangu, niligonga kwa bahati mbaya, wala wewe hukujua nagonga nini, kwani uliniongezea tu...

Hapo akili ikanijia. Siku tatu nzima ilikuwa wapi, sijui.

Alijuaje?

Mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga Msumenoni amesikia ko-ko, amemimina bila kuuliza. Mama Kipimo! Ambaye hata mjomba wake mwenyewe hajawahi kuongezewa upawa wa pili.

Na ndimu! Kwetu hakuna ndimu. Kwetu ndimu ni marufuku. Mke wangu humwambia kila mteja anayeiulizia kwamba ndimu ni kwa ajili ya supu isiyojiamini. Sasa ile iliyotoka mfukoni mwa aproni ilikuwa inatafuta nini?

Tochi ikanidondoka kifuani.

"Fundi," mwuza nyama akainama, "umelipata tatizo?"

"Nimelipata," nikasema. "Ila si la friji."

Nikaanza kukumbuka vitunguu. Kila siku saa tisa alasiri, wateja wa mchana wakishapungua, mke wangu huvaa mtandio, huchukua kikapu, huaga anakwenda sokoni kutafuta vitunguu vya kesho. Kila siku. Nyumbani tuna vitunguu juu ya kabati. Tuna vitunguu chini ya kitanda, vingine vimeshaota majani. Tuna vitunguu ndani ya sanduku la nguo zake za harusi. Mume mwenye macho angeuliza. Mimi nilikuwa naogopa nikiuliza vitunguu, naye ataniuliza friji.

Jana saa tisa kasoro robo niliingia Msumenoni. Saa yangu ya kawaida ni saa sita, kabla watu hawajawa wengi. Sauti aliponiona, akaiweka trei juu ya ubao.

"Baba! Kuna nini? Friji nzima!"

"Najua ni nzima. Nimekuja kukaa."

Nikaenda kwenye kiti changu, kile cha mwisho, chini ya dirisha. Juu yake ukutani kuna msumari, na kwenye msumari kuna kikombe changu, kile chenye mstari wa bluu. Wateja wa kudumu wa pale kila mmoja ana msumari wake. Siku niliyopewa wangu nilitembea hadi nyumbani kifua mbele, nisiweze kumwambia mtu.

Kikombe hakikuwepo. Kilikuwa mezani mbele ya kiti, kimeshajazwa chai, kimefunikwa na kisosi.

"Nani kanitengea chai?"

Sauti akaanza kukunja kitambaa cha mezani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Baba, nisamehe. Misumari ni kumi na miwili, wateja wa kudumu wamekuwa wengi. Ikabidi tuwaunganishe wa saa tofauti. Wewe saa sita, na... mwingine saa tisa. Kikombe kimoja. Lakini tunakiosha, nakuapia!"

"Mwingine nani?"

"Jina simjui. Ni mama mmoja mpole. Hasemi sana. Anakaa, anavua viatu, ananyoosha miguu. Anagonga ko-ko. Halafu anaondoka na nusu ndimu mfukoni, anasema ni ya safari."

Mpole! Hasemi sana! Nikapumua kidogo. Huyo hawezi kuwa mke wangu.

Mlango ukafunguliwa.

Mtandio. Kikapu. Vitunguu.

Alifika hatua ya tatu ndipo akaniona. Nilidhani atageuka. Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa nimekwenda kumfumania mtu, lakini macho yale yaliponiangukia nilijiona mimi ndiye niliyefumaniwa, na kisanduku changu cha vifaa miguuni.

Akaja taratibu. Akavuta kiti cha pili, akakaa ubavuni mwangu, sote wawili tunatazama ukuta.

"Umekaa kwenye kiti changu," akasema.

"Kiti chetu," nikasema.

Msumeno ukalia. Ukanyamaza.

"Friji inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri. Vitunguu je?"

"Vipo."

Sauti, kule kaunta, alikuwa anapangusa glasi moja kwa bidii ya ajabu.

Nikaona hapa bora nianze mimi. Nikapiga moyo konde. "Mke wangu, nimekosa. Nimekula hapa miezi minne."

"Mimi sita," akasema.

"Sita?"

"Sita na wiki mbili. Wewe ulidhani namba yako ya simu waliipata wapi? Friji ilipoharibika walikuwa wanahangaika, nikawaambia kuna fundi mmoja namfahamu, mkono wake mzuri. Nikawapa namba. Nilidhani utatengeneza, utaondoka. Nani alikuambia ukae?"

Kumbe mimi niliyejiona mjanja wa mji nimeletwa hapa na mke wangu mwenyewe, kwa sifa njema alizonipigia kwa watu.

"Lakini wewe!" nikang'aka. "Wewe una jiko! Wewe una supu inayoshinda hii. Unafuata nini hapa?"

Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akanyoosha miguu chini ya ubao. Nyayo zake zilikuwa zimevimba. Nimeishi na miguu ile miaka kumi na moja na sikuwahi kuiangalia.

"Tangu saa kumi na moja alfajiri nauliza watu watakula nini," akasema. "Utakula nini, baba? Utakula nini, dada? Nikimaliza kuwauliza wote nakwangua kilichobaki kwenye sufuria. Siku moja nilipita hapa nimechoka, nikaingia tu nipate kukaa. Yule binti akaja, akaniuliza, 'Mama, utakula nini?' Nilitaka kujibu, nikashindwa. Nilikuwa sijui ninachopenda. Ilibidi aniletee supu mwenyewe."

Akaifuta pua yake kwa ncha ya mtandio.

"Nyumbani hujawahi kuniuliza. Hata mara moja."

Hilo liliniingia mpaka ndani. Mimi nilikuwa na malalamiko yangu, ya beseni, ya mfuniko wa sufuria, ya kula hicho. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Yaliniyeyuka yote mdomoni. Niliona aibu, na ninaandika hapa gazetini ili mjue kwamba niliona aibu.

"Sikujua," nikasema.

"Hukujua. Ijumaa ulipogonga, mkono wangu ukaenda wenyewe. Ndimu ilipotua mezani nikajua tumejuana. Wikendi nzima nangoja useme. Unaniomba chumvi tu."

"Mimi Ijumaa sikujua kitu! Nilikuwa naogopa kijiko changu. Nimegundua jana, nyuma ya friji la mwuza nyama."

Akanigeukia. "Jana?"

"Jana asubuhi."

"Hukuiona ndimu?"

"Niliikamulia kwenye supu."

Akaangua kicheko. Kicheko kile cha zamani, cha kabla ya meza nane, kinachoanzia tumboni na kumtoa machozi. Nikacheka na mimi. Mabega yetu yakagusana. Nikasema moyoni, yamekwisha, Mungu mkubwa, tumbo lenye miguu limenusurika.

Kisha kicheko kikamkatika. Akatia mkono kwenye kikapu, chini ya vitunguu, akatoa kitu akakiweka juu ya ubao kati yetu.

Ufunguo. Ule mkubwa wa mgahawa, wenye uzi mwekundu.

"Unafanya nini hapa?" nikauuliza ufunguo, maana yeye niliogopa kumwuliza.

"Nimefunga."

"Umefunga mpaka saa ngapi?"

"Nimefunga. Wa mchana wamekula, nimeosha vyombo, nimezima jiko, nimebandika karatasi mlangoni. Nilidhani umejua, unaninyamazia kwa sababu umeumia. Nikasema bora nifunge mwenyewe kuliko kungoja kuambiwa. Niliapa mbele ya watu. Mtu wa nyumba hii. Sikusema mume. Na mimi ni mtu wa nyumba hii."

"Kiapo cha utani hicho!"

"Mwulize mwoka mikate kama nina utani."

Hapo ndipo Sauti, masikini, aliyekuwa hasikii chochote kwa sababu ya msumeno, akaona tumetulia na akadhani mambo ni shwari. Akaja na kitambaa chake. Akapangusa mbele yangu, akapangusa mbele ya mke wangu, akauzunguka ufunguo kwa heshima, akatuinamia wote wawili.

"Haya, wapendwa wangu. Mtakula nini?"

Miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kutuuliza swali hilo pamoja. Mke wangu akanitazama. Nikafungua mdomo nimwulize yeye kwanza, kwa kauli yangu, hata kama ni kwa kuchelewa.

Mlango ukasukumwa.

Akaingia Mwalimu, miwani kichwani, mkononi ameshika karatasi iliyobanduliwa mlangoni kwetu. Nyuma yake fundi viatu. Nyuma yake kinyozi, dereva wa lori, akina dada watatu wa ushonaji, kundi zima la chai ya saa kumi. Watu kumi na wawili. Walikuwa wanatafuta pa kwenda, na Msumenoni ndipo palipo karibu.

Mwalimu akamwona Mama Kipimo. Akaniona mimi. Akaona meza ya jirani, kikombe chenye mstari wa bluu, viatu vilivyovuliwa. Msumeno ulikuwa umenyamaza.

"Mama Kipimo," akasema polepole, "siku ile ya kiapo mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo, Mwalimu."

"Tulicheka."

"Mlicheka sana."

Akaikunja ile karatasi mara mbili. Akaitia mfukoni, mzee wa watu. "Nilileta kiti changu pale. Sasa sisi tutakula wapi?"

Nilimwangalia mke wangu, nikaona jinsi anavyotaka kuinuka. Miguu ilikuwa imeshaanza kutafuta viatu. Akaizuia. Akaweka kidole juu ya ufunguo, akausukuma juu ya ubao, ukapita kando ya kikombe, ukanigonga mkononi.

"Mama Kipimo amefunga jiko lake, na halifungui," akawaambia. "Kama kuna jiko litakalofunguliwa kesho, si langu. Mwulizeni fundi. Mimi leo ni mteja."

Akachukua kijiko, akakigeuza, akagonga ubao.

Ko-ko.

Na watu kumi na wawili wakanigeukia mimi, mtu ambaye hajawahi kuchemsha hata yai.